Fungua boksi kwanza: kwa wanaoanza kuklia (kupitisha forodhani) seti za zana

Mwaka wangu wa kwanza katika uwakala wa forodha hapa Kampala niliandika tamko la mzigo wa zana za mkono bila kuuona mzigo wenyewe. Ankara ilisema "seti za zana, 200", na pembeni yake muuzaji alikuwa ameshaweka namba ya forodha ya seti za zana, 8206. Nikainakili kama ilivyo, nikatuma. Mfumo ukautupa mzigo njia nyekundu, maana yake mzigo ufunguliwe na uhesabiwe, nikaitwa bohari.

Afisa alipasua katoni ya kwanza. Spana tupu, zimefungwa kumi kumi kwa karatasi yenye mafuta. Katoni ya pili ilikuwa bisibisi, zimerundikwa kwenye mfuko wa nailoni. Ya tatu koleo, zile ambazo mafundi huita plaizi. Katoni za mwisho zilikuwa na masanduku ya plastiki yaliyochongwa vishimo vya kulaza kila zana, yote matupu, yamepangwa kama vitabu. Akanigeukia, akauliza kwa upole: "Ssebo, seti iko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Muuzaji alikuwa amebana nafasi ya kontena, na mteja wangu alikuwa na mpango wa kuweka vijana dukani wazipange zana kwenye masanduku wenyewe. Kibiashara ni mpango mzuri tu. Kiforodha, kilichoingia nchini hakikuwa seti, kilikuwa spana, bisibisi, koleo na masanduku. Tamko likavunjwa na kuandikwa upya mstari kwa mstari, faini ikalipwa, na siku zote hizo bohari ilikuwa inahesabu gharama za kuhifadhi. Mteja alilipa kosa langu. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi mnaoanza, mlio kwenye masomo ya cheti au mliokalishwa juzi mbele ya kompyuta na rundo la ankara.

Namba tunazotumia zinatoka katika Mfumo wa Uwianishi, ule tunaouita HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels, na ulioanza kazi tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile katika nchi zote zinazoutumia. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaongeza mbili, zinakuwa 8, na ushuru wake umeandikwa katika kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha. Toleo tunalotumia lilianza tarehe 1 Julai 2022, lenye viwango vikuu vinne: 0, 10, 25 na 35 kwa mia.

Zana za mkono za chuma zinakaa Sura ya 82. Ukiisoma sura hiyo mara moja kwa makini, bila haraka, umepunguza nusu ya makosa yako. Ndani yake mna vichwa, yaani mafungu yanayotambulishwa kwa tarakimu 4 za mwanzo (8206 ya ankara yangu ni kichwa 82.06). Kichwa 82.01 ni cha shamba na bustani: majembe, sepeto, reki, mashoka, mapanga. 82.02 ni misumeno ya mkono na meno ya misumeno ya kila aina. 82.03 ni tupa, koleo, mikasi ya kukatia bati, vikata bomba. 82.04 ni spana pamoja na soketi zake. 82.05 ni zile zisizotajwa kwingine: nyundo, bisibisi, randa, patasi, jiriwa. Halafu inakuja 82.06, ambayo ndiyo inayowapoteza wengi, na baada yake 82.07, ya vifaa vya kubadilisha kama biti za kutobolea, ziwe za mashine au za mkono.

Sasa soma 82.06 neno kwa neno. Inasema ni zana za vichwa viwili au zaidi kati ya 82.02 hadi 82.05, zilizopangwa kuwa seti kwa ajili ya kuuzwa rejareja. Kila kipande cha sentensi hiyo kina kazi.

"Vichwa viwili au zaidi." Seti ya spana kumi na mbili kwenye mfuko wa turubai, kuanzia namba 6 hadi 32, ni spana tu. Inabaki 82.04, hata kama kwenye mfuko imeandikwa "tool set" kwa herufi kubwa za dhahabu. Seti ya nyundo na bisibisi nayo si 82.06, kwa sababu nyundo na bisibisi zote ni watoto wa 82.05. Hiyo ina mahali pake ndani ya kichwa hichohicho, 8205.90, panapotaja seti za bidhaa za vijikichwa viwili au zaidi vya kichwa hicho. Nimeona watu wenye miaka kumi kazini wakiiruka hii.

"Kati ya 82.02 hadi 82.05." Angalia kilichoachwa nje. 82.01 haimo, na 82.07 haimo. Mtu akikuletea boksi lenye jembe dogo, reki ndogo na mkasi wa kupogolea maua, usikimbilie 82.06 kwa kuwa tu vimefungwa pamoja. Ni zana za bustani, zote za 82.01. Na boksi la biti tupu za kutobolea chuma, hata zikiwa mia, ni 82.07.

"Kwa ajili ya kuuzwa rejareja." Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Bidhaa inatakiwa iwe imefungwa kwa namna ambayo mnunuzi wa mwisho, fundi wa Katwe au mwenye gari, anaichukua hivyohivyo bila mtu kuipanga upya. Kinachoangaliwa ni hali ya mzigo unapoingia. Mpango wa mteja wa kuja kuzipanga Kikuubo wiki ijayo haumo kwenye sentensi hiyo.

Tuchukue boksi moja la kweli, la aina inayojaa maduka ya vifaa vya ujenzi na vipuri hapa mjini, lile lililoandikwa vipande 108. Ukilifungua mezani na kuhesabu, utakuta kitu kama hiki: soketi arobaini na kitu pamoja na racheti yake, spana za kawaida kumi na mbili, koleo tatu, bisibisi sita, nyundo moja, biti ndogondogo za bisibisi zinazojaza karibu theluthi ya boksi, na tepu ya kupimia ya mita tatu. Soketi na spana ni 82.04, koleo 82.03, bisibisi na nyundo 82.05. Vichwa vitatu, vyote ndani ya mipaka. Biti zingeenda 82.07 zikija peke yake, na tepu ingehama Sura ya 82 kabisa, ikaenda 90.17 kwenye vifaa vya kupimia. Je, zinaharibu seti? Hapana. Maelezo rasmi ya HS yanaruhusu zana ndogo za vichwa vingine, hata za sura nyingine, kuwamo, mradi zisibadilishe tabia kuu ya seti. Hii bado ni seti ya fundi wa magari, basi ni 82.06. Usidanganywe na hesabu ya vipande. Biti thelathini zisizofika uzito wa spana moja haziwezi kuligeuza boksi zima kuwa boksi la biti.

Lakini badilisha kitu kimoja tu. Toa ile nyundo, weka drili ya umeme ya betri, acha zana nyingine zipungue, ziwe biti na bisibisi chache. Sasa unaye mnyama mwingine. Drili yenye mota yake ndani ni 84.67, na mtu anayenunua boksi hilo ananunua drili; vilivyobaki vinaisindikiza. Hapo unatumia Kanuni ya 3(b) kati ya kanuni za HS za kutafsiri vichwa, ile ya seti za rejareja zinazofuata kitu kinachoipa seti tabia yake kuu, na boksi zima linaelekea 84.67. Ukishindwa kabisa kuona tabia kuu iko wapi, Kanuni ya 3(c) inakupeleka kwenye kichwa kinachokuja mwisho kwa mpangilio wa namba. Ila nakuomba usiifanye 3(c) kuwa mlango wa kutorokea kufikiri. Afisa mzoefu atakuuliza 3(b) ilikushinda wapi, na "sijui" halitakusaidia.

Sanduku lenyewe nalo lina kanuni, ya 5(a). Likiwa limechongwa kwa umbo la seti hiyo, la kudumu, na limeingia pamoja na zana zake, linafuata zana. Likija tupu linajitegemea, kulingana na limetengenezwa kwa nini.

Namba ya muuzaji ichukue kama fununu tu. Yeye anaandika namba inayomfaa wakati wa kusafirisha nje kwao, na wakati mwingine ni namba ya toleo la zamani la HS. Vilevile jihadharini na mnachosoma mtandaoni. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alinijia akisema seti za 82.06 hutozwa kiwango cha kile kipande chenye ushuru mkubwa kuliko vyote ndani ya boksi. Alikuwa amesoma kweli, na kilichoandikwa kilikuwa sahihi, isipokuwa ni sheria ya Marekani. Kwetu kiwango kinasomwa kwenye mstari wa 8206 katika kitabu chetu. Ya kimataifa ni tarakimu 6. Kiwango ni cha nyumbani.

Na kitabu peke yake hakitoshi. Kila mwaka mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukubaliana mabadiliko, nchi moja ikiomba kiwango chake kwa bidhaa fulani, na yanatangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya ili yaanze tarehe 1 Julai. Mwezi Juni ukiisha, kabla hujaandika tamko lolote, lifungue gazeti hilo na ulinganishe. Kiwango ulichokariri Mei kinaweza kuwa kimekufa.

Wengine husema, lakini vichwa vingi vya zana viwango vyake vinakaribiana, kwa nini tujichoshe? Chukua mfano wa hesabu tu. Mzigo una thamani ya shilingi 40,000,000 pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Kwa ushuru wa 10 kwa mia ni 4,000,000, na VAT ya 18 kwa mia inapigwa juu ya 44,000,000, yaani 7,920,000. Ukihamia mstari wa 25 kwa mia, ushuru ni 10,000,000 na VAT 9,000,000. Tofauti ni 7,080,000, na bado hujagusa kodi ya zuio wala tozo ya miundombinu. Kwa mfanyabiashara wa kati hiyo ni faida yote ya kontena. Na hata viwango vikilingana kabisa, tamko lenye namba isiyo sahihi ni tamko lisilo sahihi. Mamlaka ya Mapato, URA, inaweza kurudi kukagua vitabu vya mteja hadi miaka mitano nyuma, na jina lililoidhinisha tamko ni la wakala.

Kwa hiyo jifunzeni kuandika maelezo ya bidhaa. Mstari unaosema "zana za mkono" unamwalika afisa afungue kontena. Mstari unaosema "seti ya fundi wa magari, vipande 108, soketi, spana, koleo, bisibisi na nyundo, chuma, ndani ya sanduku la plastiki lililochongwa, tayari kwa rejareja" unamwonyesha kwamba uliyeandika unajua kilichomo. Mimi humwomba mteja picha tatu kabla mzigo haujapakiwa: boksi limefungwa, boksi limefunguliwa, na katoni jinsi ilivyopangwa. Ile ya tatu ndiyo ingeniokoa mwaka ule.

Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu chini ya Himaya Moja ya Forodha, tunayoitumia tangu 2014, tamko la Uganda linaandikwa na kodi zinalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa au Dar es Salaam. Huna tena nafasi ya kusema nitauangalia mzigo ukifika mpakani Malaba.

Boksi likiwa gumu kweli, lisilokaa popote, iandikieni URA kuomba uamuzi wa mapema wa namba kabla ya kuagiza, mkiambatanisha picha na maelezo ya mtengenezaji. Inachukua muda, lakini mteja anayeagiza bidhaa hiyohiyo kila miezi mitatu atakushukuru. Na kama afisa amebadilisha namba yako na una hakika amekosea, usigombane naye bohari. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004, kifungu cha 229, inampa mteja wako siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya na Kamishna, kwa maandishi yenye sababu, na Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Mara moja niliandika barua ya namna hiyo kuhusu seti za spana na koleo ambazo zilikuwa zimetenganishwa kichwa kwa kichwa. Niliweka maneno ya 82.06, picha za maboksi, na sampuli moja iliyofungwa kama ilivyotoka kiwandani. Majibu yalikuja yakisema ni seti.