Bodi moja ya kubaki nayo: Olympus OM-1

Ndugu Mhariri,

Katika swali lenu la wiki mliuliza: msomaji akiambiwa abaki na bodi moja tu (yaani mwili wa kamera bila lenzi) ya kamera ya zamani ya filamu, katika zile ambazo fokasi huwekwa kwa mkono, angechagua ipi, na kwa sababu gani? Nimepiga picha za harusi na za pasipoti mjini Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo Zenit, Pentax K1000, Canon AE-1 na Nikon FM2 zote zimepita mikononi mwangu, nyingine za kwangu na nyingine za kuazima. Jibu langu ni Olympus OM-1, na ninaliandika nikijua kwamba wengi watakaowaandikia wataitaja Nikon.

Naanza na jicho. Kwenye kamera ya namna hii hakuna wa kumsahihisha mpiga picha. Usipoona kwamba fokasi imekaa kwenye macho ya bibi harusi na siyo kwenye ua la nywele zake, kosa utalijua siku picha zinaporudi kutoka kusafishwa, na harusi hairudiwi. Kwa hiyo mimi huipima bodi kwa tundu lake la kuchungulia kabla ya kuuliza jambo jingine lolote. Ukichungulia kwenye OM-1 yenye lenzi ya milimita 50, vitu huonekana kwa asilimia 92 ya ukubwa ambao jicho tupu linauona, na fremu inakuonyesha asilimia 97 ya kile kitakachoingia kwenye filamu. Kwa FM2 hesabu hizo ni 86 na 93. Katika karatasi tofauti ni ndogo, lakini kwa mtu aliyefikia umri wa kuvaa miwani, kama mimi, ndiyo tofauti ya kuona kope na kuzikisia. Zenit sitaki hata kuizungumzia. Kuchungulia humo ni kama kumtazama mgeni kupitia tundu la kitasa.

Ajabu ni kwamba tundu hilo kubwa limo ndani ya bodi ndogo. Mhandisi wa Olympus, Maitani Yoshihisa, ambaye mwaka 1959 alikwisha kuwapa watu kamera ndogo ya Pen, alikusudia kupunguza uzito na ukubwa wa kamera za lenzi za kubadilisha bila kuwapunguzia wapiga picha uwezo. Kamera yake ilitoka mwaka 1972 ikiitwa M-1. Kampuni ya kamera ya Leica, waliokuwa na mfululizo wao wa M, wakalalamikia jina hilo, na mwaka uliofuata ikawa OM-1. Bodi tupu ina uzito wa nusu kilo hivi. Anayeibeba nusu saa hataona faida yake, lakini harusi za kwetu huanza bibi harusi akiwa bado anapambwa na huisha usiku watu wakiwa wamechoka kucheza, na shingo inayobeba kamera ndiyo hiyo hiyo tangu asubuhi.

Ili kuuweka mwili mdogo kiasi hicho, Maitani aliuhamishia mzunguko wa kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka ili mwanga uifikie filamu, kwenye pete inayozunguka mdomo wa lenzi. Walioizoea Pentax huutafuta juu ya bodi, na wakifika hapo wanakuta mzunguko wa ASA, yaani wepesi wa filamu kupokea mwanga. Hulaumu siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo wanagundua kwamba mkono wa kushoto peke yake unaendesha kasi, fokasi na tundu la lenzi, na jicho halijabanduka hata mara moja.

Kipimamwanga chake ni cha sindano, na hapa nina ugomvi wa kirafiki na watu wa FM2. Ile inatumia vitaa vyekundu vya kujumlisha, sifuri na kutoa: vinakuambia umekosea, lakini kosa likizidi kidogo tu, havikuambii limezidi kwa kiasi gani. Sindano inasogea, na mkono ukiizoea unaujua umbali wake kwa stopu, yaani hatua za mwanga, kila moja ikiuongeza maradufu au kuupunguza nusu. Kwa kazi ya pwani jambo hilo lina uzito. Mpigie picha bwana harusi mwenye uso mweusi, amevaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, ameketi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa: kipimamwanga kitauona weupe wote ule, kitadhani mwanga umezidi, na ukikitii, kanzu itatoka ya kijivu na uso utabaki kivuli chenye meno. Mgeuzie mama yake aliyejifunika buibui, kosa litakuwa la upande wa pili. Kwa hiyo siipimi kanzu wala buibui. Nanyosha kiganja changu mbele ya lenzi katika mwanga ule ule uliowaangukia wao, naileta sindano katikati, kisha nafungua tundu la lenzi kwa stopu moja zaidi, kwa kuwa kiganja changu ni cheupe kuliko kile ambacho kipimamwanga hukichukulia kuwa cha kawaida. Nimewahi kuulizwa na mzee mmoja kama ninasoma dua kabla ya kila picha.

Ukimya wake nao si mdogo. Ndani kuna kifaa cha hewa kinachoupunguza mshindo wa kioo cha ndani kinaporuka kuupisha mwanga, na mapazia ya shata ni ya kitambaa. Wakati wa kuozesha, shekhe anaposubiri bwana harusi aitamke kauli ya kukubali na watu wote wametulia, K1000 ingewageuza safu nzima ya mbele. OM-1 inasikika, siwezi kudanganya, lakini haiwageuzi watu.

Sasa nikiri aibu zake. Kubwa kuliko zote ni flashi, ambayo haiwezi kutumika kwa kasi iliyozidi 1/60 ya sekunde. Jua la saa sita pale ufukweni, kwa filamu ya ASA 100, linataka 1/125 kwa f/16 (namba ya f ikikua, tundu la lenzi huwa dogo zaidi). Ukishuka hadi 1/60 ili flashi ifanye kazi unahitaji f/22, na lenzi yangu ya Zuiko, ya Olympus wenyewe, inaishia f/16. Maana yake ni kwamba vivuli vya machoni siwezi kuviondoa kwa flashi bila picha kupata mwanga kupita kiasi. FM2, iliyoanza mwaka 1982 na tangu 1984 ikawa inakubali flashi kwa 1/250, inafanya kazi hiyo kwa f/11 bila kutoa jasho. Kamera hiyo ndiyo iliyopiga picha maarufu ya msichana wa Afghanistan mwaka 1984, na mwenye kuichagua hajakosea. Mimi huwahamishia maharusi chini ya mwembe.

Aibu ya pili ni betri. Shata haihitaji betri, na ndiyo maana AE-1 sikuifikiria mara mbili, kwa kuwa betri yake ikifa siku ya kazi unabaki na pambo. Lakini sindano ya OM-1 iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu ya sumu yake. Ukiweka ya volti 1.5 ya dukani, sindano inaona mwanga usiokuwepo na picha zinatoka na giza. Ninatumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, zenye volti 1.4 hivi, ni nyembamba kuliko nafasi yake, hivyo naizungushia pete ya mpira isicheze. Ukishabandua kibandiko hewa ikaingia, hazidumu muda mrefu, kwa hiyo hubandua asubuhi ya harusi.

Ya tatu ni sponji. Kiwandani waliweka kipande cha sponji juu ya prisimu, kile kioo kinachoipeleka taswira kwenye tundu la kuchungulia, na sponji hiyo ikizeeka huyeyuka kama lami na kula rangi ya fedha iliyopakwa kwenye kioo. Unyevu wa pwani sidhani kama unaisaidia. Anayenunua leo aichungulie ukuta mweupe kwanza. Yangu nilimpelekea fundi saa, akaifungua juu ya kitambaa cheupe, akaikwangua ile lami kwa kijiti kilichochovywa spiriti, kidogo kidogo, karibu saa nzima, asizungumze na mtu. Alipomaliza alinionyesha mstari wa kahawia uliokwisha kuingia kwenye prisimu na kusema huo hautoki. Hauonekani kwenye filamu, unaonekana na mimi tu, umekatiza fremu kwa mlalo kama mstari wa bahari, na siku hizi ninautumia kuangalia kama upeo umenyooka.