Fundi Anajibu: Uzi Unaokatika Kabla Nzi Hajakamilika

SWALI: Huu ni mwezi wangu wa pili wa kujifunza kufunga nzi bandia wa kuvulia samaki katika karakana moja hapa Kiambu. Uzi hunikatikia mara kwa mara, hasa nikifika kichwani mwa nzi, na kazi yote hufumuka. Mwenzangu amenishauri nitumie uzi mnene zaidi, lakini nikiutumia huo kichwa huvimba na tundu la ndoana huziba. Nifanye nini?
Mwanafunzi, Kiambu

JIBU: Mpendwa mwanafunzi, usibadilishe uzi bado. Chukua ncha ya uzi uliokatika, uiweke juu ya karatasi nyeupe na uitazame vizuri. Ikiwa imechambuka na kutoa vinyuzi vidogo pembeni, uzi huo ulikuwa umekwaruzwa kabla ya kukatika, na hakuna unene wa uzi utakaoponya ugonjwa huo. Wakwaruzaji ni wawili. Wa kwanza ni ncha ya ndoana, ambayo uzi huigusa mkono unapozungushwa haraka chini ya jiliwa, yaani kibanio kinachoishika ndoana. Mguso mmoja hukata baadhi ya vinyuzi, na vilivyobaki hustahimili mpaka wakati wa kukaza kichwa, ndipo vinaposhindwa. Hii ndiyo sababu mtu hudhani kwamba tatizo liko kichwani, ilhali lilianzia mkiani. Wa pili ni mdomo wa bomba la bobini, kile kifaa cha mkononi kinachoishika roli na kuutoa uzi kupitia bomba jembamba. Pitisha kipande cha soksi nyembamba ya nailoni mdomoni mwa bomba hilo, ukikizungusha taratibu: kikinasa hata kidogo, bomba lina ukwaru, nawe uiweke kando bobini hiyo. Ukiweza kupata yenye bomba la kauri, itakutumikia kwa muda mrefu zaidi kuliko ya chuma cha bei rahisi.

Ikiwa ncha haikuchambuka, bali imejikunja kama unywele uliopita karibu na moto, basi uliuvuta uzi kupita uwezo wake. Hapo tazama kwanza mikono miwili ya bobini inayoibana roli ya uzi. Bobini ikining'inia chini ya ndoana haipaswi kushuka yenyewe, lakini ukiivuta kwa upole uzi utoke bila kushtuka. Ikibana mno, ipanue mikono hiyo kidogo kidogo kwa vidole, ukijaribu kila mara, mpaka uzi uanze kutoka kwa mvuto laini.

Baada ya hapo ninakuomba ufanye zoezi ambalo wanafunzi wengi hulikwepa kwa sababu linaonekana kuwa ni kuharibu uzi. Funga ndoana tupu kwenye jiliwa, zungusha uzi mara tano au sita juu ya uti wake, kisha vuta polepole mpaka ukatike. Rudia mara kumi, na mara tatu za mwisho ufumbe macho. Ukiwa unatumia uzi wa nailoni utausikia ukinyumbuka kidogo chini ya kidole kabla ya kukatika. Wa poliesta hunyumbuka kwa uchache zaidi, kwa hiyo onyo lake ni fupi. Kazi nzuri hufanywa karibu kabisa na mpaka huo bila kuuvuka, na mkono hauwezi kuujua mpaka ambao haujawahi kuufikia. Mimi hufanya zoezi hili kila ninapofungua roli ya aina nisiyoizoea, hata sasa.

Kuhusu kichwa kinachovimba, jibu liko katika idadi ya mizunguko. Mizunguko mitatu iliyokazwa hushika kuliko kumi iliyolegea, na anayeongeza mizunguko mara nyingi anaficha ulegevu. Acha nafasi tupu nyuma ya tundu la ndoana tangu mwanzo, kabla ya kufunga hata unyoya wa kwanza. Pia ujue kwamba uzi hujisokota kadiri unavyouzungusha, ukawa wa mviringo kama kamba ndogo, na kamba ikipandiana hujenga mlima. Kwa anayefunga kwa mkono wa kulia, iache bobini ining'inie na uizungushe kinyume cha mwendo wa saa, ukiitazama kutoka juu. Utauona uzi ukifunguka na kulala bapa kama utepe mwembamba. Fungia kichwa kwa utepe huo. Ukitaka uzi ung'ate mahali pamoja tu, kwa mfano kwenye shina la bawa linalosimama wima, uzungushe kwa mwendo wa saa ili usokoteke tena.

Na siku uzi utakapokatika, kwa maana utakatika, usiiachie ndoana. Ishike ncha iliyobaki kwa koleo dogo la manyoya, uliache koleo lining'inie kwa uzito wake, anzisha uzi mpya juu ya mizunguko ya zamani kwa raundi nne au tano, kisha ukate ncha zote mbili. Hakuna kitakachofumuka.

SWALI: Ninavua trauti katika mito ya Aberdare na nimeanza kujifungia nzi mwenyewe. Dukani nimekuta nyuzi zenye alama 6/0 na 8/0, na nyingine zimeandikwa 70 au 140. Ninachaguaje?
Mvuvi, Nyeri

JIBU: Ndugu mvuvi, unavua katika maji yenye historia, kwani trauti wa kwanza waliingizwa katika Mto Gura mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti. Nambari za uzi nazo zina historia yake, na ndiyo inayowachanganya watu.

Alama ya 8/0 maana yake ni sifuri nane, na ya 6/0 ni sifuri sita. Kadiri sifuri zinavyoongezeka ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Ubaya wake ni kwamba kila mtengenezaji ana kipimo chake, kwa hiyo 8/0 ya kampuni moja inaweza kuwa nene kuliko 8/0 ya nyingine. Nambari kama 70 na 140 ni za denia, yaani uzito wa uzi kwa gramu ukiwa na urefu wa mita 9,000. Denia ni kipimo cha kweli na ndicho ninachokushauri ukifuate, ingawa nacho kinaeleza uzito tu: hakisemi kama uzi utalala bapa au utabaki mviringo, wala kama utateleza.

Kwa ndoana ndogo za namba 14 hadi 20, chukua denia 70. (Kumbuka kwamba kwa ndoana hizi namba ikipanda, ndoana hupungua.) Kwa ndoana za namba 8 hadi 12, ambazo hufungiwa nzi wa kuzama wenye mwili mnene, denia 140 inatosha. Denia 210 iweke kwa nzi wakubwa wa baharini na kwa manyoya ya kulungu, ambayo yana uwazi ndani na hufumka pande zote yakibanwa. Manyoya hayo yanataka mizunguko miwili iliyolegea kwanza, kisha uvute kwa nguvu moja isiyositasita; uzi mwembamba utayakata au utakatika wenyewe. Wapo wanaotumia uzi wa polietilini, wenye nguvu ya ajabu na usionyumbuka karibu hata kidogo. Ni mzuri kwa kazi hiyo, lakini huteleza, hivyo upake nta kabla ya kuanza, na ukatie mkasi wa akiba kwa kuwa hufanya makali kuwa butu.

Ukiwa na fedha za roli moja tu, nunua denia 70 nyeusi ya poliesta. Itakufungia karibu nzi wote wadogo unaowahitaji huko, na itakufundisha mkono mwepesi.

SWALI: Ninaishi Leeds, na mzee mmoja wa huku amenifundisha kufunga nzi wa kale wa hariri ya rangi ya chungwa na unyoya wa kwale. Nzi wangu akilowa hugeuka kuwa kahawia. Je, hariri yangu ni mbovu?
Msomaji, Uingereza

JIBU: Hariri yako ni nzima. Hariri hukolea kuelekea weusi inapopata maji au nta, na wafungaji wa kaskazini mwa Uingereza waliichagua rangi wakiijua tabia hiyo: chungwa kali la mkononi huwa kahawia yenye wekundu ndani ya mto, na hiyo ndiyo rangi anayoiona samaki. Kwa hiyo usiilinganishe rangi ya hariri kavu na mdudu. Lowesha kipande kwanza, ndipo ulinganishe. Tumia nta safi ya nyuki kwa uchache, kwa kuwa nta nyeusi ya washona viatu huizidishia giza. Roli zako zihifadhi ndani ya sanduku lenye kifuniko, mbali na dirisha, maana mwanga wa jua huidhoofisha hariri kimyakimya, na uzi wa juu ya roli ndio wa kwanza kuoza. Roli uliyoikuta imekaa kwenye mwanga, vuta mita chache za juu uzitupe, kisha ujaribu nguvu ya zilizo chini kabla ya kufungia nzi.