Mlishe Chatu Wako Humo Humo Anamoishi

Nilipomleta chatu wangu wa kwanza nyumbani, hapa Uingereza, aliyeniuzia alinisisitizia jambo moja: usimlishe ndani ya boksi lake la kioo, atazoea kuona mkono ni chakula. Nikatii. Kila siku ya kula nilimhamishia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nikampa panya wake, kisha nikamrudisha. Huyu ni chatu wa Afrika Magharibi, yule mdogo anayejiviringa kama mpira akiogopa. Mara nyingi humo ndooni alificha kichwa tu, na panya akapoa bila kuguswa.

Jioni moja alikula vizuri, nikamnyanyua kumrudisha. Usiku harufu kali ikaniamsha. Panya alikuwa pembeni ya bakuli la maji, mzima mzima, manyoya yamelowa na kushikana. Kutapika kunamuumiza nyoka kuliko watu wanavyodhani, maana tindikali ya tumbo hupita kooni. Ilibidi nimpumzishe wiki mbili bila chakula, kisha nikaanza na panya mdogo zaidi.

Tangu hapo namlisha ndani. Kinachomfundisha kutofautisha mkono na chakula ni ishara, wala si ndoo. Siku ya kumshika, kwanza namgusa mgongoni polepole kwa fimbo yenye kulabu. Ulimi unatoka, shingo inalegea, najua ameelewa. Siku ya kula simgusi kabisa, natumia koleo refu. Kwenye midomo yake kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto, kwa hiyo vidole vyako vikiwa karibu na panya aliyepoa, atarukia vidole. Vivyo hivyo mikono ikinuka panya: ioshe kwanza ndipo umsogelee.

Panya nanunua waliogandishwa, wenye unene usiozidi sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Namwacha kwenye friji usiku kucha ayeyuke, kisha namfunga kwenye mfuko na kumzamisha katika maji ya moto ambayo mkono unayavumilia. Maikrowevu usithubutu, humpika sehemu sehemu na anaweza kupasuka. Panya hai simpi hata siku moja. Meno yake yanaweza kumjeruhi nyoka vibaya. Vyombo vya kazi hii visichanganywe na vya jikoni, kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Ukihofia atameza vipande vya mbao vya sakafuni, mtandikie sahani bapa.

Wanaofuga wawili boksi moja ndio wananitia wasiwasi kweli. Mmoja akianzia kichwani mwa panya na mwingine mkiani, watakutana katikati, na mmoja anaweza kuendelea kummeza mwenzake. Kila nyoka apewe boksi lake.

Akishameza, funga, hakikisha upande wa joto uko kwenye nyuzi 31 au 32, na usimtoe kwa saa 48, hata wageni wakikubembeleza.