Natoa mafumbo ya hesabu kila Ijumaa, wanajibu watano tu darasa zima

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nafundisha Hisabati kidato cha kwanza na cha pili, sekondari ya kata, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Darasa langu la fomu wani lina wanafunzi 74. Nilisikia mafumbo na projekti zinawafanya watoto wapende hesabu, nikaamua kila Ijumaa dakika kumi za mwisho naandika fumbo ubaoni. Wiki iliyopita nilitoa la konokono: yuko chini ya kisima cha mita 10, mchana anapanda mita 3, usiku anateleza mita 2, atatoka siku ya ngapi? Niliandika kwa Kiingereza kwa sababu ndo lugha ya kufundishia. Wachache wakapiga kelele "kumi!", mmoja akasema 8, ikawa imeisha, wengine wote wananiangalia tu. Na ni wale wale watano kila wiki. Nakosea wapi? Na projekti nitafanyaje wakati shule haina vifaa na mtaaluma anataka silabasi iishe?

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera sana, maana kwenye darasa la watoto 74 wengi tunapambana tu kipindi kiishe salama, wewe unahangaika watoto wako wafikiri. Nimefundisha hesabu sekondari miaka 19, sasa hivi nazunguka kusaidia walimu wenzangu, na hiki unachoeleza nakikuta karibu kila shule.

Fumbo la konokono ni zuri ila lina mlango mmoja tu. Anayeshtuka kwamba siku ya mwisho konokono akifika juu hatelezi tena, huyo kapata, na asiyeshtuka hana cha kufanya, hana pa kushika, anabaki kusubiri. Alafu akishataja mmoja 8, wenzake 73 wamenyang'anywa fumbo lao. Kwahiyo kitu cha kwanza, tafuta fumbo ambalo kila mtoto anaweza kulianza kwa mikono yake ndani ya dakika moja, hata yule asiyejua jedwali la 7, na ambalo halimaliziki kwa kutaja namba moja.

Kabla sijakupa mfano niseme kuhusu lugha, maana naona hapo napo pana mzigo. Hawa watoto wa fomu wani wengi wamekaa shule ya msingi miaka saba wakisema kujumlisha, sehemu, mzingo, ujazo, alafu Januari wanafika kwako kila kitu kimebadilika jina. Ukimpa fumbo kwa Kiingereza umempa mafumbo mawili, na la kwanza ndo linamshinda. Lisimulie fumbo kwa Kiswahili, waache wabishane kwa Kiswahili, maana mtu habishani vizuri kwa lugha anayoiogopa, na mwisho wa kipindi kila kikundi kiandike sentensi mbili tatu za Kiingereza kueleza walichogundua. Kiingereza watakiandika kwa nafuu kwa sababu sasa wana kitu cha kusema.

Sasa mfano. Waambie kila mtoto aje na vizibo vya soda, viwili tu vinatosha, mangi wa dukani anavitupa kila siku. Gawa vikundi vya wanne wanne, kwa 74 utapata vikundi 17 vya wanne na viwili vya watatu. Kila kikundi kinachora kwa chaki juu ya dawati vyumba saba vilivyopangana mstari mmoja. Vizibo vitatu vinakaa kushoto vimelala chali, vitatu kulia vimefunikwa, chumba cha katikati kinabaki wazi. Sheria: kila kizibo kinaenda mbele tu, hakirudi nyuma, kinasogea chumba kimoja kama kiko wazi, au kinaruka kizibo kimoja cha upande wa pili kama chumba kinachofuata kiko wazi. Kazi yao ni wabadilishane pande, wa kushoto wote waende kulia na wa kulia waje kushoto. Ukimaliza kusema sheria nyamaza. Usionyeshe hata hatua moja.

Dakika tano sita za mwanzo watakwama wote, na wale watano wako watakwama pia, hapo ndo utaona darasa limebadilika kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuna anayejua. Kuna binti nilikuwa naye miaka hiyo, dawati la nyuma kabisa karibu na dirisha, tangu Januari hakuwahi kunyoosha mkono. Nilipopita nikakuta ameviweka vizibo vinne pembeni, amebakiza viwili na vyumba vitatu tu. Nikamuuliza unafanya nini, akasema, kwa sauti ya chini, "naanza na kidogo mwalimu, hivi inaisha mara tatu." Alafu akaongeza kimoja kila upande, akahangaika, akapata mara 8. Nilisimama pale nikasikia mwili unasisimka kabisa, maana kufanya tatizo kubwa liwe dogo kwanza ndo kazi anayofanya mtu wa hesabu maisha yake yote, na huyu hakufundishwa na mtu, alilifikia mwenyewe kwa sababu alikuwa na vizibo mkononi na hakuna aliyemkimbiza.

Nikaandika ubaoni 3 na 8, bila maelezo. Vikundi vingine vikaanza kuleta 15 kwa vizibo vitatu kila upande. Nikauliza, je vinne kila upande? Wengine wakachora vyumba tisa, wengine wakaanza kuangalia namba zenyewe: 3, 8, 15, tofauti yake 5, alafu 7, basi inayofuata 9, jibu 24. Kijana mmoja akasema ongeza moja kwenye kila jibu uone, 4, 9, 16, 25. Hapo tayari wameifikia aljebra wenyewe: vizibo n kila upande, hatua ni (n+1)² toa 1. Kikundi kingine kilihesabu mirukio peke yake na misogeo peke yake, kwa vizibo vitatu mirukio 9 na misogeo 6, yaani n² + 2n. Sasa darasa lina kanuni mbili zinazotoa majibu yale yale, na swali la kwa nini zifanane wameliuliza wao. Ukiwa na fomu tuu wanaoingia kufungua mabano, huo ndo utangulizi wako, na hata kwa fomu wani wanaoanza herufi badala ya namba inatosha kabisa.

Umenielewa hapo kuhusu silabasi? Mtaaluma ana haki ya kudai iishe. Ila fumbo ukiliweka dakika kumi za mwisho wa Ijumaa, watoto wameshachoka na wewe mwenyewe umeshalitangaza kwamba ni la ziada. Liondoe Ijumaa, lilete mwanzo wa topiki kwenye vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80, na kwenye andalio la somo andika jina la topiki yenyewe. Utashangaa zile mada zinazofuata zinavyokwenda haraka, kwa sababu unapofika kwenye kanuni hauelezi kitu kigeni, unawakumbusha vizibo.

Kosa kubwa nililofanya mimi ni zawadi. Nilitangaza kalamu kwa kikundi cha kwanza, kikundi kikapata, nikawapa, na ndani ya dakika moja vikundi vyote vilivyobaki vikaweka vizibo chini. Hawakuwa wavivu, ni mimi niliwaambia kwa ile kalamu kwamba mchezo umeisha. Siku hizi mtoto akiniletea 15 sisemi vizuri wala umekosea, namuuliza umehesabuje, na mwenzako naye kapata hizo hizo? Uso wako mwalimu uufundishe kutulia, watoto wanasoma jibu usoni kwetu kuliko ubaoni.

Kuhusu projekti na vifaa. Karatasi moja ya A4 kwa kila kikundi, rula, mkasi au wembe ukiwa unausimamia wewe, gundi au selotepu. Waambie wakate miraba minne inayolingana kwenye kona nne, wakunje pande juu, watengeneze kiboksi kisicho na mfuniko. Swali: ukate mraba wa sentimita ngapi ili boksi libebe mchele mwingi kuliko yote? Kabla ya kukata waulize, wapige kura kwa kunyoosha mikono. Wengi watakwambia ujazo ni uleule kwa sababu karatasi ni ileile, na wewe usiwarekebishe, andika kura ubaoni muendelee.

Lete mchele kilo moja na nusu, ongea na mpishi wa shule mapema atakuazima. A4 ni sentimita 29.7 kwa 21. Waliokata sentimita 1 watapata kitu kama sinia, ujazo 526 na kidogo. Waliokata 3 wanapata 1066 hivi, waliokata 4 wanapata 1128, waliokata 5 wanashuka hadi 1083, na 6 inakuwa 955 hivi. Lakini usianze na hesabu. Mwite mtoto ajaze mchele boksi la sentimita 1 aumimine kwenye boksi la sentimita 4. Atamimina mara ya kwanza. Atajaza tena, atamimina mara ya pili. Na bado halijajaa. Hapo wale waliosema ujazo ni uleule wanasimama kwenye madawati kuangalia, na ndo wakati wa kuuliza basi tutajuaje bila mchele, na fomula ya urefu mara upana mara kimo inaitwa na wao wenyewe. Wanaobaki na hamu waulize kati ya 3.5 na 4.5 kuna nini, watakaa hapo siku mbili.

Zipo nyingine sitazieleza kwa kirefu: mlingoti wa bendera unapimwa kwa kivuli, fimbo ya mita 1 ikitoa kivuli cha sentimita 80 na mlingoti ukatoa mita 6.4, wapigie hesabu wenyewe. Na tarehe 14 Machi, ambayo tangu UNESCO iitangaze mwaka 2019 ni Siku ya Kimataifa ya Hisabati, waje na sufuria, ungo, ndoo, mifuniko, wapime mzingo kwa uzi na kipenyo kwa rula, wagawanye, alafu muandike majibu yote ubaoni muone yanavyokusanyika kwenye 3.1 hivi.

Wale watano wako wasiachwe. Wape hii: chukua namba yoyote nzima kuanzia 1, ikiwa shufwa igawanye kwa 2, ikiwa witiri izidishe kwa 3 uongeze 1, endelea hivyo hivyo hadi ufike 1. Ukianza na 7 ni hatua 16. Alafu waambie waanze na 27 na usiseme kitu. Inachukua hatua 111 na njiani inapanda hadi 9232, kosa moja tu la kugawanya wanapotea, kwahiyo watakagua kazi zao kuliko walivyowahi kukagua mtihani. Na waambie ukweli kwamba swali hili linatajwa kwa jina la Mjerumani Lothar Collatz tangu 1937, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba kila namba lazima ifike 1. Mtoto wa miaka 14 akijua kuna swali analielewa vizuri kabisa na dunia nzima haina jibu lake, anatembea tofauti siku hiyo.

Maksi, usiweke kwenye jibu. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja: nilianza na nini, nilikwama wapi, nilibadilisha nini. Kwa 74 usisome zote, soma za vikundi vitano kila wiki, mwezi ukiisha umewapitia wote.

Na konokono wako bado ana kazi. Jumatatu mrudishe kwa Kiswahili, jibu la 8 liandike wewe mwenyewe ubaoni mapema, alafu uliza: tengenezeni konokono wenu atakayetoka siku ya 12 kamili, kisima mchague nyie, kupanda na kuteleza mchague nyie. Mmoja atakuja na kisima cha mita 14 kwa 3 na 2 zile zile, mwingine atakuja na kisima cha mita 27, anapanda 5 anateleza 3, na vikundi vibadilishane madaftari vihakikiane.