Shada la Krismasi limekauka kabla ya Krismasi? Soma hapa

Msomaji mmoja wa Uingereza anauliza kwa nini shada alilolifunga kwa matawi ya bustanini kwake lilianza kupukutika siku ya nne. Amelitundika ukutani, juu ya hita. Basi hapo hapo ndipo tatizo lilipo. Hita hukausha hewa ya chumba, na tawi likishakatwa halina mizizi ya kurudisha maji linayopoteza.

Yanyweshe matawi maji kwanza. Ukishakata matawi, yazamishe kwenye ndoo usiku kucha, bandani au gerejini pasipo na joto. Wengi huiruka hatua hii kisha wanalaumu mti. Mkato uwe wa mshazari, juu kidogo ya kichipukizi. Msonobari au mberoshi usiukate hadi kwenye sehemu kavu ya kahawia isiyo na majani, maana mara nyingi hapo hauchipui tena na ua la miti linabaki na tundu.

Msonobari hushika majani vizuri, na mti wa Krismasi uitwao Nordmann vilevile. Sprusi ya Norway, mti mwingine wa Krismasi, ikiingia ndani hupukutika upesi, hiyo iache nje. Holi (holly, mti wa majani yenye miiba) huzaa tunda jekundu kwenye mti jike tu, na kwa kawaida ni lazima dume liwe jirani. Ndege nao wanayapenda sana matunda hayo, kwa hiyo kata mapema Desemba na uhifadhi matawi majini penye baridi. Matunda ya holi yana sumu. Yaning'inizwe mbali na mikono ya watoto. Mti wa yuu (kwa Kiingereza yew) usiuingize ndani kabisa, karibu kila sehemu yake ni sumu kali.

Kwa shada lenyewe, chukua pete ya waya yenye upana wa sm 30 na waya mwembamba wa kufungia. Andaa vifungu kama 15, kila kimoja vijitawi vinne au vitano vya sm 12 hadi 15. Funga kifungu cha kwanza, kisha kila kinachofuata kifunike vikonyo vya kilichotangulia, vyote vikielekea upande mmoja, bila kuukata waya. Kaza kwa nguvu! Vikonyo husinyaa vikikauka, na kifungu kilicholegea kidogo leo kitachomoka wiki ijayo. Ukifika cha mwisho, inua ncha za kile cha kwanza ufungie chini yake.

Litundike mlangoni, upande wa nje: huko hudumu wiki nne au zaidi, wakati ndani ni moja au mbili tu. Sebuleni weka matawi kwenye chombo chenye maji, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Mishumaa ya moto ikae mbali kabisa na majani. Tumia taa za LED.

Jamani, msinunue plastiki wakati ua lenu linangoja kupogolewa. Mkiliteremsha shada tarehe 6 Januari, chomoeni waya kabla ya kutupa majani kwenye mboji, na pete mwitundike bandani kwa mwaka ujao.