Uliza Mama Fundi: Tuliposti ipi itafaa mashine yangu ndogo ya kukereza?

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nina mashine ndogo ya kukereza chuma, inayoweza kuzungusha kazi ya kipenyo cha hadi milimita 180 juu ya bedi. Naitumia jioni nikitoka kazini, kukereza bushi, pini na vipuri vya baiskeli. Ilikuja na tuliposti, yaani kishikio cha visu, ya pembe nne, na nimechoka kutafuta vibati vya kuinulia kisu. Nikibadilisha visu mara tatu, nusu saa imekwenda. Muuzaji ananishauri nichukue tuliposti ya kubadilisha haraka, saizi ya AXA, ya kabari, kwa kuwa kubwa ndiyo imara. Rafiki yangu anayo ndogo ya pistoni na anasema inatosha. Tena kisu changu cha kukatishia kinarukaruka, na natumaini tuliposti mpya italimaliza tatizo hilo. Nichukue ipi, na holda (vibebeo vya visu) ngapi?
Mkerezaji wa Jioni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilipie chochote kwanza. Nenda kwenye mashine, tia senta yenye ncha kwenye tailistoki (kichwa cha nyuma cha mashine), uisogeze mpaka ikaribie slaidi ya juu, ile inayobeba tuliposti. Fungua tuliposti ya zamani, futa mafuta, kisha simamisha rula ya chuma pale pale ilipokuwa imekaa. Soma ncha ya senta iko milimita ngapi kutoka usoni mwa slaidi. Namba hiyo ndiyo itakayokuchagulia tuliposti. Kile kipenyo cha milimita 180 ni cha kuanzia mazungumzo tu, maana mashine mbili za kipenyo kimoja huweza kutofautiana sana hapo juu, mtengenezaji mmoja kaweka slaidi nene, mwingine nyembamba.

Tuseme umepata milimita 20. Ndani ya holda, chini ya mfereji wa kisu, kuna sakafu ya chuma. Ipime unene kwa venia. Kama sakafu ni milimita 10 na kimo cha kisu chako ni 12, ncha itafika 22 hata holda ikiwa imelala kabisa juu ya slaidi. Umeipita senta kwa milimita 2 na huna pa kushukia. Kisu cha milimita 8 katika holda hiyo hiyo kitakupa 18, unanyanyua holda milimita 2, unaanza kazi. Kwa hiyo jumlisha sakafu na kimo cha kisu: jibu liwe pungufu ya ile namba yako kwa milimita moja au mbili hivi. Likipungua sana nako ni kubaya, maana utalazimika kuinyanyua holda mpaka sehemu yake kubwa iachane na mkia wa njiwa, yaani reli ya umbo hilo inayoishika, na hapo hakuna kabari wala pistoni itakayoituliza.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeliona gharama yake. Karakana moja niliyofanyia kazi ilinunua tuliposti kubwa kwa mashine ya mezani. Nzito, inang'aa, kila mtu akataka kuishika. Tulipoifunga, ncha ilikaa milimita 3 juu ya senta. Tukazipeleka holda zote tano kwenye mashine ya milingi kupunguza sakafu zake, na chuma kile kilikuwa kimetiwa ugumu, visu vya haispidi vikawa vinateleza tu juu yake na kuungua. Ikabidi tutafute vya kabaidi. Na baada ya kazi yote hiyo upana wake ukatushinda: mwili wa tuliposti ulikuwa mpana kiasi cha kuisukuma ncha mbele sana, tukawa tunairudisha slaidi nyuma karibu itoke kwenye reli zake. Slaidi iliyoning'inia namna hiyo hutetemeka kwa kazi yoyote.

Sasa saizi. Herufi za AXA, BXA na CXA zilitoka kwa Aloris ya Marekani, na watengenezaji wengi wamezifuata. AXA kwa kawaida huelekezwa kwa mashine za kipenyo cha inchi 9 hadi 12, yaani takriban milimita 230 hadi 300. Kwa mashine kama yako ipo ndogo zaidi, huitwa 0XA. Mimi ningeanzia hapo, na ningemtaka muuzaji anipimie sakafu ya holda kabla sijamlipa. Akikataa kupima, tafuta mwingine. Usidhani pia kwamba holda za 0XA za mtengenezaji huyu zitaingia kwenye tuliposti ya yule. Nimekutana na zilizokaza katikati na nyingine zilizolegea, ingawa zote zimeandikwa saizi moja. Chukua za ukoo mmoja.

Ipo mitindo mingine. Dickson ya Uingereza huvuta holda kwenye mifereji ya umbo la V. Multifix ya Uswisi ina meno kuzunguka mwili wake, nafasi 40, kila moja nyuzi 9 kutoka kwa jirani yake, hivyo unageuza kisu kwa pembe nyingine bila kuigusa nati kubwa ya katikati. Nimeitumia na naipenda sana. Lakini holda za mtindo mmoja haziingii kwenye mwingine, kwa hiyo ukichagua leo umechagua kwa miaka mingi.

Kuhusu kabari na pistoni, muuzaji hakukudanganya, ila ametilia mkazo mahali pasipo na uzito kwako. Ya pistoni inasukuma holda kwa nje, kwa kipande kimoja cha chuma kilicho katikati. Ya kabari inateremsha kabari kwenye mkia wa njiwa na kuivuta holda ikumbatie mwili wa tuliposti. Ya pili inashika vizuri zaidi na inarudi mahali pale pale kwa uhakika zaidi, hilo ni kweli. Ila kwenye mashine ya milimita 180, slaidi ya juu itapinda na kutikisika kabla pistoni iliyotengenezwa vizuri haijakuangusha. Kama fedha inakutosha kwa kabari na holda tatu, au pistoni na holda nane, chukua ya pistoni na holda nane. Kama inatosha kabari na holda nane, chukua kabari. Za aluminiamu mimi nisingezichukua kwa kukereza chuma.

Jaribio la kuifanyia siku ya kwanza: funga holda, weka ncha ya daili (saa ya kupimia mwendo mdogo) ubavuni mwa kisu, soma. Fungua, toa holda, irudishe, kaza kwa nguvu ile ile. Rudia mara kumi. Sindano ikirudi ndani ya milimita 0.02 au 0.03, kwa kazi zako umepata kitu kizuri.

Holda nane nimezitaja kwa makusudi. Faida ya tuliposti hii yote iko kwenye holda: kila kisu kinapata nyumba yake, unakirekebisha kimo mara moja, unaikaza nati ya juu, na hukigusi tena mpaka ukinoe. Ukiwa na holda mbili tu utaendelea kufungua na kufunga visu kama zamani, ila vibati umeviepuka. Anza na ya kukereza nje, ya kukereza uso, ya upau wa kupanulia tundu, ya kisu cha kukatishia, na ya visu vya nyuzi. Zilizobaki utaona mwenyewe mahitaji yanakupeleka wapi.

Kurekebisha kimo hakuhitaji kifaa cha ziada. Funga pau ya mviringo kwenye chaki (kishikio chenye taya kinachozungusha kazi), mashine ikiwa imezimwa. Bana rula nyembamba ya chuma kati ya pau na ncha ya kisu, polepole, mpaka ishikike bila mkono. Iangalie kwa ubavu. Ikisimama wima, uko kwenye senta. Kichwa cha rula kikilala kuja kwako, kisu kiko chini. Kikilala kwenda ng'ambo, kisu kiko juu. Zungusha nati nusu mzunguko, bana tena. Halafu kereza uso wa pau hiyo mpaka katikati: ukiona kimebaki kichunusi kidogo, bado hujafika. Nimewafundisha vijana wengi jambo hili, na kila mmoja hutabasamu siku kichunusi kinapotoweka.

Sasa hilo la kisu cha kukatishia, na hapa naomba unisikilize sana. Tuliposti mpya huenda isikusaidie kabisa. Weka daili juu ya ncha ya kisu, kibonyeze chini kwa kidole gumba. Sindano ikiruka sana, chezo iko chini ya tuliposti: kwenye gibu (vibati vya kubana reli) za slaidi ya juu, gibu za slaidi ya kukatiza, au kwenye behewa linalozibeba slaidi hizo. Kaza gibu moja moja, skrubu kwa skrubu, mpaka slaidi iende kwa uzito kidogo lakini isikwame. Shika pau ndani ya chaki uisukume juu na chini, usikilize beringi za spindeli. Punguza urefu wa kisu kinachochomoza, katia karibu na chaki, funga behewa lisitembee, hakikisha kisu kiko pembe mraba na kazi. Mashine ndogo nyingi zimepata nafuu kwa kuondoa slaidi ya juu kabisa na kuweka bonge la chuma lililojaa mahali pake, tuliposti ikafungwa juu ya bonge hilo. Ukilichagua hilo baadaye, unene wa bonge unauamua mwenyewe, na ile namba ya milimita itakuwa mikononi mwako.

Jambo moja la usalama. Holda hizi hutokeza upande wa chaki kuliko ile ya pembe nne uliyoizoea. Kila ukibadilisha holda, izungushe chaki kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha umeme.

SWALI: Mama Fundi, tuliposti yangu ilikuwa inarudi pale pale, sasa kimo kinabadilika kila nikirudisha holda. Imechakaa?
Msomaji wa kila toleo

JIBU: Huenda ni uchafu tu. Chukua mswaki mkavu, usafishe mkia wa njiwa pande zote, kwenye holda na kwenye mwili, halafu geuza holda utazame chini ya nati ya kimo. Uzi mmoja wa chuma ukikaa hapo unatosha kuinyanyua holda. Kisha angalia kama kuna nati ya pili ya kuifungia ile ya kimo. Zikazanishe pamoja kwa spana mbili, moja ishike ya chini isigeuke.