Nikompaili mwenyewe au nitumie kisakinishi rasmi?

SWALI: Kompyuta inayolinda mtandao wa ofisi yetu inaendesha mfumo endeshi wa OpenBSD, toleo la 7.4, nami nataka kuipandisha hadi 7.6. Nimeshapakua msimbo chanzo niukompaili mwenyewe, yaani niugeuze kuwa programu zinazoendeshwa. Naamini keneli (kiini cha mfumo) niliyoijenga mimi itakuwa ya kipekee, hivyo ngumu kushambuliwa. Mwenzangu anasema nitumie faili rasmi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, ndugu yangu. Watengenezaji wa OpenBSD wenyewe hawaungi mkono kupanda toleo kwa kukompaili, na wana sababu.

Ukikompaili, unaujenga mfumo mpya kwa zana za mfumo wa zamani. Maktaba mpya huita huduma ambazo keneli ya zamani haizijui, na programu za zamani nazo huenda zisielewane na keneli mpya. Chukua toleo la 5.5, la Mei 2014. Humo hesabu ya muda ilipanuliwa kutoka biti 32 hadi 64 ili mfumo uvuke salama mwaka 2038, ambapo hesabu ya biti 32 hufika ukomo. Keneli na programu zote zilipaswa kubadilika pamoja. Ukitangulia na kimoja, kingine kinakwama, kompaila ikiwemo. Kisakinishi hakina shida hiyo. Huwaka kwa keneli yake ndogo, bsd.rd, iliyobeba zana zake ndani ya kumbukumbu, kwa hiyo mfumo unaobadilishwa unakuwa umelala kabisa.

Hiyo keneli ya kipekee unayoitamani, tayari unayo. Tangu 6.2, ya mwaka 2017, kila kompyuta ikiwaka, OpenBSD huunganisha upya vipande vya keneli kwa mpangilio wa kubahatisha, tayari kwa uwashaji unaofuata. Ya kwako haifanani na ya mtu mwingine, wala na ya kwako mwenyewe ya jana. Keneli ya kujijengea, hasa ukibadilisha mipangilio ya GENERIC, ile keneli ya kawaida ya OpenBSD, inakuondolea kitu kikubwa zaidi: kuendesha kile kile ambacho watengenezaji wanakijaribu kila siku. Kwa mashine inayolinda watu wengine, mimi nisingekiachia.

Basi fanya hivi. Nakili /etc, folda ya mipangilio, yote mahali pengine; pf.conf, faili ya kanuni za kuchuja mtandao, usiisahau. Tazama kwa amri ya df kama /usr, sehemu ya diski yenye programu za mfumo, ina nafasi, kwa sababu ikijaa katikati ya usakinishaji utapata taabu. Soma mwongozo wa toleo husika, kisha endesha sysupgrade, amri ya kupandisha toleo kwa faili rasmi. Itapakua 7.5, itahakiki sahihi za kidijitali za faili, itawasha upya na kusakinisha yenyewe. Ikirudi, endesha sysmerge, inayooanisha mipangilio yako na ya toleo jipya, kisha pkg_add -u, inayosasisha programu za ziada. Hakikisha mtandao uko sawa, ndipo urudie kwenda 7.6. Usiruke 7.5: kila toleo hubeba ufunguo wa kuhakiki toleo linalolifuata, na njia inayoungwa mkono ni hatua moja moja. Wala usichelewe, maana viraka vya usalama hutolewa kwa matoleo mawili ya karibuni tu; 7.6 ilipotoka Oktoba 2024, vya 7.4 vilikoma.

Msimbo ulioupakua usiufute. Kuusoma kunafundisha sana, na ukitaka kurekebisha kitu au kujaribu kiraka hakuna njia nyingine. Anza na sys/net/pf.c, ndiyo inayochuja mtandao wako, na ukompaili kwenye mashine ambayo hakuna anayeitegemea.